Jino Linalouma Si Lazima Ling'olewe: Meno ya Watu Wazima Kyela na Namna ya Kuyanusuru

Na Mwandishi Wetu, Kyela

Katika vyumba vingi vya huduma ya kinywa na meno hapa nchini, kazi inayofanywa mara nyingi kuliko nyingine zote ni kung'oa. Watoa huduma wanajua kuziba jino, lakini mgonjwa hufika kwao wakati shimo limekwisha kukifikia kiini cha jino, na mara nyingine vifaa vya kuzibia havipo katika kituo kilicho karibu naye. Jino ambalo miezi kadhaa iliyopita lingezibwa kwa muda usiozidi nusu saa huishia katika beseni la chuma.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, na wa vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yanapochachamaa njia za kwenda hospitali huwa ngumu. Vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, kusini mwa Matema, hutegemea mtumbwi na boti. Kwa mkazi wa huko, kuliahirisha jino la leo ni kukubali kulisafirishia kesho likiwa na usaha, pengine ziwa likiwa limechafuka.

Makala haya yanaeleza kwa nini mtu mzima hupoteza meno, ni wakati gani jino bado linaweza kuokolewa, na afanye nini yule ambaye jino lake limekwisha kutoka.

Kitu kigumu kuliko mfupa

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32, yakihesabiwa na magego ya mwisho ambayo huchelewa kuota na kwa baadhi ya watu hayaoti kabisa. Gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Karibu lote ni madini. Ushahidi wa ugumu huo haupo mbali na Kyela. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika Wilaya ya Karonga nchini Malawi, mahali panapoitwa Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya la kale la jamii ya binadamu wa mwanzo, linalokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Nyama na sehemu kubwa ya mifupa ya mwenye taya lile ilitoweka zamani, lakini meno yake yangali yamo.

Basi inakuwaje kitu kinachodumu ardhini kwa muda huo kitobolewe kinywani mwa mtu aliye hai katika miaka michache? Jibu ni kwamba gamba la jino, pamoja na ugumu wake wote, lina adui mmoja lisiyemweza, naye ni asidi. Asidi hiyo hutengenezwa humo humo kinywani.

Kinywa cha kila mtu kina bakteria. Hukaa juu ya meno katika utando laini unaoitwa ukoga, ule unaohisiwa na ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mtu anapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria hao huitumia sukari hiyo na kutoa asidi katika dakika chache tu. Asidi huanza kuyeyusha madini ya gamba la jino. Mate nayo hufanya kazi ya kuizimua asidi na kurudisha madini yaliyopotea, lakini yanahitaji muda, kwa kawaida nusu saa au zaidi baada ya mlo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la sukari, na ndipo wengi hukosea. Kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani, kuliko wingi wake kwa mara moja. Aliyekunywa soda moja pamoja na chakula cha mchana ameyapa meno yake shambulio moja. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka wa Kasumulu na kuinyonya soda hiyo hiyo funda kwa funda kwa saa tatu ameyanyima mate yake nafasi ya kufanya kazi. Hali ni hiyo kwa mwenye duka anayekunywa vikombe sita vya chai ya sukari kwa siku, na kwa anayetafuna muwa toka shambani hadi nyumbani. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari iliyoongezwa kwa siku nzima, yaani takriban vijiko kumi na viwili.

Wakulima wa Kyela wanaolima kakao wanaweza kutabasamu hapa. Punje wanazozianika uani ni chungu. Hakuna mtoto anayeziiba kwa utamu. Sukari inayoyaharibu meno huingizwa baadaye, kiwandani, na chokoleti inaporudi dukani haifanani tena na kile kilichotoka shambani.

Maumivu yanayonyamaza

Jino halianzi kuuma siku linapoanza kuoza. Mwanzo wake ni doa jeupe au la kahawia kwenye gamba, lisilo na maumivu yoyote. Katika hatua hii jino bado linaweza kurudishiwa madini yake kwa dawa ya meno yenye floraidi, bila kutobolewa wala kuzibwa. Doa linapogeuka shimo, uozo huingia katika tabaka la ndani ambalo ni laini zaidi, nao huenea kwa kasi. Sasa jino hushtuka kwa maji baridi au kwa kitu kitamu, kisha hutulia. Hiyo ndiyo saa ya kwenda kituo cha kutolea huduma za afya, kwa kuwa jino lingali linazibika.

Asiyekwenda huingia hatua ya tatu. Uozo hufika katikati ya jino, penye neva na mishipa ya damu, na maumivu hayahitaji tena maji baridi. Huja yenyewe usiku na kumkosesha mtu usingizi. Baada ya siku au majuma kadhaa hutokea jambo linalowadanganya watu wengi kuliko jingine lolote: maumivu hukoma. Mgonjwa hushukuru. Mwenye kumeza dawa huisifu dawa, aliyesukutua majani huyasifu majani. Kumbe kilichotokea ni kwamba neva imekufa. Jino limenyamaza kwa sababu limekosa cha kulalamikia, na bakteria sasa wanashuka kupitia mzizi kuelekea mfupa wa taya.

Kwa mkulima wa mpunga kipindi hicho cha ukimya huwa na mtego wake. Jino lililomuuma wakati wa kupandikiza miche likinyamaza kabla ya palizi, si rahisi aache shamba alipeleke hospitali. Litaamka wakati wa mavuno, likiwa na jipu, na hapo jibu la tabibu mara nyingi huwa moja tu.

Katika kipindi hicho hicho watu hujitibu kwa njia zinazoongeza madhara. Kuweka kidonge cha asprini juu ya fizi hakutibu jino. Huunguza nyama ya kinywa. Asidi ya betri na mafuta ya taa ni sumu na havina nafasi kinywani. Karafuu ni habari nyingine: mafuta yake kweli yana uwezo wa kutia ganzi kidogo, na mtu anaweza kuyatumia usiku mmoja akisubiri kupambazuke, mradi ajue kwamba hayagusi chanzo cha ugonjwa. Dawa za antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila kuandikiwa nazo haziondoi uozo. Hupunguza uvimbe kwa muda, kisha ugonjwa hurudi, na matumizi holela huwafanya bakteria wawe sugu kwa dawa ambayo siku moja itahitajika kuokoa maisha.

Fizi zinazotoka damu

Si kila jino linalopotea limeoza. Wapo watu wa makamo ambao meno yao ni mazima, hayana tundu hata moja, lakini yanalegea na kung'oka moja baada ya jingine. Hao wana ugonjwa wa fizi.

Ukoga usiposafishwa kwenye ukingo wa fizi hukaza na kuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuuondoa. Fizi huvimba, hugeuka nyekundu, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Watu wengi wakiona damu hupunguza kupiga mswaki mahali hapo, wakidhani wanaupumzisha mdomo. Hilo ni kosa, kwa kuwa damu ni dalili kwamba mahali hapo pana uchafu unaotakiwa kuondolewa kwa upole lakini kwa ukamilifu. Ugonjwa ukiachwa, fizi huachana na jino, mfukoni mwake hujaa bakteria, na mfupa unaolishika jino huliwa polepole. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa namna hiyo haurudi wenyewe, hivyo tiba yote hulenga kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Makundi mawili yanapaswa kuwa na tahadhari zaidi. La kwanza ni wenye kisukari: sukari ya damu isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mtu mzima ambaye meno yake yanalegea bila sababu anayoijua afanye vyema kupima sukari. Kundi la pili ni wavutaji wa sigara. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuonekana tulivu, hazitoi damu, ilhali mfupa chini yake unakwisha.

Wajawazito nao huona fizi zikivimba na kutoka damu, kutokana na mabadiliko ya homoni. Imani kwamba mtoto tumboni huchukua kalisi kutoka katika meno ya mama, na kwamba kila uzazi una jino lake, haina ukweli. Mama hupoteza jino kwa sababu fizi zake zilihitaji uangalizi zaidi katika miezi ile na hazikuupata. Huduma ya meno inaweza kutolewa wakati wa ujauzito. Amweleze tu mtoa huduma hali yake.

Wadudu wasiokuwapo

Imani ya wadudu wa meno ingali na nguvu katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki. Mgonjwa hufukizwa moshi wa mbegu za mimea ya jamii ya mtunguja, kisha huoneshwa vitu vyeupe vidogo vinavyofanana na funza vilivyoanguka katika bakuli. Ni onesho lenye kushawishi. Vitu hivyo ni viini vya mbegu zenyewe, vilivyotoka kwa joto. Jino halina funza. Lina bakteria ambao hawaonekani kwa macho.

Imani nyingine ina madhara makubwa zaidi, nayo ni ile ya "meno ya plastiki", iliyosambaa nchini tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hufunuliwa fizi, na chipukizi jeupe la jino ambalo halijaota hudaiwa kuwa ndilo chanzo cha ugonjwa, hukatwa na kung'olewa, mara nyingi kwa kifaa kisicho safi. Wapo watoto waliopoteza maisha kwa kutokwa na damu au kwa maambukizi. Waliopona baadhi yao wamekuwa watu wazima wasiokuwa na chonge, au wenye chonge zilizoota upande, kwa kuwa chipukizi la jino la ukubwani huwa limejeruhiwa pamoja na lile la utotoni. Daktari anapomwona mtu mzima wa namna hiyo, pengo lake linaweza kuwa na historia iliyoanza kabla hajajua kutembea.

Njia iliyozaliwa Tanzania

Kuna habari ambayo Watanzania wengi hawaijui, nayo inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma za msingi za kinywa uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa meno walikabiliwa na tatizo ambalo mkazi wa Ikombe au Ngana angelitambua mara moja: jino limetoboka, linazibika, lakini hakuna umeme wa kuendesha mashine ya kuchonga, hakuna maji ya bomba, na kiti cha meno kiko mji mwingine.

Walichofanya ni kuachana na mashine. Walitumia vifaa vya mkononi peke yake, patasi ndogo za kupanua mdomo wa tundu na vijiko vidogo vya chuma vya kukwangulia uozo laini, kisha wakaliziba tundu lililosafishwa kwa simenti maalumu inayoshikamana na jino. Simenti inayotumika leo kwa njia hiyo, iitwayo glasi ayonoma, ina sifa ya ziada: hutoa floraidi kidogo kidogo na hivyo kulilinda jino lililozibwa. Mgonjwa anaweza kulazwa juu ya meza ya kawaida. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokufa.

Njia hiyo iliboreshwa na kufanyiwa utafiti katika nchi nyingine, na tarehe 7 Aprili, 1994, Siku ya Afya Duniani, WHO ikaitambulisha kwa mataifa. Leo inafundishwa na kutumika katika mabara yote, pamoja na nchi tajiri ambako hupendwa kwa wagonjwa wanaoogopa mlio wa mashine. Mwaka 2021 WHO iliingiza simenti ya glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, sambamba na dawa za malaria na shinikizo la damu.

Njia hiyo ina mipaka, na ni haki msomaji aijue. Hufanya vizuri zaidi kwa tundu dogo lililo upande mmoja wa jino; tundu lililokula pande mbili au tatu huzibwa kwa mafanikio madogo zaidi. Jino ambalo kiini chake kimekwisha kuambukizwa halifai kuzibwa hivyo. Linahitaji kutibiwa mzizi, huduma ambayo hupatikana katika hospitali kubwa zaidi, au kung'olewa. Kwa maneno mengine, uvumbuzi huu unamfaa yule anayefika wakati jino linashtuka tu kwa maji baridi. Kwa aliyesubiri hadi akose usingizi, hauna msaada.

Hivyo mwananchi anapofika kituoni na jino linalouma, ni haki yake kuuliza kabla ya kupigwa sindano ya ganzi: je, jino hili linazibika? Kama linazibika na vifaa havipo hapo, aulize vinapatikana wapi. Hospitali ya Wilaya ipo Kyela mjini, na rufaa kubwa huelekezwa Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Safari hiyo ina gharama, hakuna anayekataa. Lakini gego la mbele likiokolewa likiwa na umri wa miaka 25 linaweza kutafuna kwa miaka mingine 40.

Uvimbe usiosubiri

Meno mengi yanaweza kungoja siku mbili tatu. Lipo lisiloweza. Usaha wa jino la chini unapovunja mfupa na kuingia chini ya taya, huweza kuenea shingoni na kuziba njia ya hewa. Dalili zake ni uvimbe mgumu chini ya kidevu au kwenye shingo, homa, kushindwa kufungua mdomo, kushindwa kumeza hata mate, ulimi kuinuka na sauti kubadilika. Mgonjwa wa namna hiyo ni wa dharura kama alivyo mama aliyeshikwa na uchungu pingamizi. Asikandwe, asitumbuliwe, asingojee gulio.

Kwa vijiji vya pwani ya Matema na kuendelea kusini, tatizo huwa usafiri. Upepo wa mwera unapovuma, mawimbi ya Nyasa huzuia boti ndogo kutoka, nyakati nyingine kwa zaidi ya siku moja. Kwa sababu hiyo kanuni ya hekima kwa mkazi wa huko ni kuondoka uvimbe ukiwa bado shavuni na mdomo ukifunguka. Atakayeusubiri ufike shingoni huenda akaukuta ziwa limekataa. Hospitali ya Matema ndiyo iliyo karibu zaidi kwa wengi wao, na hata pale ambapo mtaalamu wa meno hayupo siku hiyo, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa ya mshipa na kupangiwa rufaa.

Jino lililotoka kwa ajali

Pikipiki zimeongeza aina nyingine ya upotevu wa meno. Kijana huanguka na bodaboda, jino la mbele linang'oka zima pamoja na mzizi wake, na watu hulitupa. Wengi hawajui kwamba jino hilo linaweza kurudishwa mahali pake na likashika.

Lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe. Kama lina uchafu lisuuzwe kwa sekunde chache tu, bila kusuguliwa. Mwenye jino akiwa na fahamu zake, lirudishwe palepale katika tundu lake, likiangalia upande ule ule, kisha aume kitambaa safi na kuwahi hospitali. Ikishindikana, liwekwe ndani ya maziwa mabichi yaliyo baridi. Maji hayafai, kwa kuwa huua seli za mzizi. Mtindi nao haufai, una asidi. Kwa bahati njema maziwa si kitu kigeni katika nyumba za Wanyakyusa. Muda ndio muhimu: jino lililorudishwa katika nusu saa ya kwanza lina nafasi kubwa, na baada ya saa moja nafasi hiyo hupungua sana. Mgonjwa akumbuke pia kuulizia sindano ya pepopunda.

Baada ya kung'olewa

Yapo meno ambayo ni lazima yatoke, na kung'oa kunakofanywa na mtu aliyesomea, kwa vifaa vilivyochemshwa na ganzi ya kutosha, ni tiba halali. Baada yake mgonjwa huuma pamba kwa takriban nusu saa bila kuifunua kila mara. Kwa saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara wala kunywa pombe, kwa kuwa bonge la damu lililoganda katika tundu ndilo kidonda chenyewe kinavyojifunika. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na siku ya pili hadi ya nne huja maumivu makali kuliko yale ya jino. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu isiyokoma, homa au uvimbe unaoongezeka humrudisha hospitali.

Kisha linabaki pengo. Taarifa ya WHO ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani hawana jino hata moja, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 23. Meno yaliyo jirani na pengo huanza kuegemea, na lile la upande wa pili huteremka au kupanda likitafuta mwenzake. Mfupa wa taya usio na jino husinyaa. Anayekosa meno ya mbele husumbuka na sauti za f na v, th na dh. Asiye na magego huacha mahindi ya kuchoma, nyama na matunda magumu, akabaki na vyakula laini ambavyo mara nyingi havimtoshi.

Hata hivyo si kila pengo linahitaji kuzibwa. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba watu waliopoteza magego ya nyuma, lakini wenye meno ya mbele na ya kati pamoja na angalau jozi moja ya magego yanayokutana, waliweza kutafuna vya kutosha. Japani, tangu mwaka 1989, imekuwa na kampeni inayowataka wananchi wafike miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe. Hesabu hizo zinamfariji aliyepoteza jino moja au mawili, na zinampa sababu ya kuyalinda yaliyobaki: mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kama inavyoandikwa kwenye kasha. Baada ya kupiga mswaki mtu ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno. Mswaki wa mti husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, nao pia unaweza kutumiwa pamoja na dawa hiyo.

Kwa mwenye mapengo mengi, meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo yanayopatikana kwa gharama ndogo zaidi. Hupimwa kinywani mwa mhusika, hayaazimwi wala kurithiwa. Huvuliwa usiku ili fizi zipumue, husuguliwa kwa mswaki na sabuni, kisha hulowekwa katika maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda. Kwa kuwa taya huendelea kusinyaa, meno yaliyokaa sawasawa mwaka huu yanaweza kucheza mwaka ujao. Yakianza kucheza yarudishwe kwa aliyeyatengeneza, naye atayarekebisha. Wapo wanaoyachonga wenyewe kwa kisu. Yakipasuka, gharama huanza upya.